Mtu Mwenye Kichwa cha Chuma



Kitabu nitakachokizungumzia jioni hii kilichapishwa Marekani mwaka 1958 na kampuni ya Pyramid Books, kikauzwa kwa senti 35. Kinaitwa Who?, yaani Nani?, na mwandishi wake ni Algis Budrys. Hakimo katika orodha ya vitabu vikuu vya karne iliyopita, wala sikuja hapa kukiingiza humo kwa nguvu. Hata wapenzi wa riwaya za sayansi ya kubuni, wakitajiwa Budrys, wengi hukumbuka kitabu chake kingine. Hata hivyo nashikilia kwamba kijitabu hiki kimelikamata swali moja kwa namna ambayo vitabu vinene havikuweza. Serikali ikitaka kujua mtu fulani ni nani, na ikawa na madaktari, mafaili, wapelelezi na muda wa kutosha, je, haiwezekani uchunguzi wenyewe ukawa ndio unaompoteza mtu huyo?

Kwanza kisa. Tuko katika miaka ijayo, ijayo kwa macho ya mtu wa 1958, na dunia imegawanyika kambi mbili, ya Magharibi na ya Kisovieti. Lucas Martino, mwanafizikia wa Kimarekani, anafanya kazi ya siri iitwayo K-88 katika maabara iliyo karibu mno na mpaka wa kambi hizo huko Ulaya. Maabara inalipuka. Wasovieti wanawahi kufika, wanamchukua majeruhi, wanampeleka hospitali kwao. Baada ya miezi minne ya mabishano ya kidiplomasia wanakubali kumrudisha. Upande wa pili wa mpaka anasubiri Shawn Rogers, ofisa wa usalama. Anayevuka kuja kwake ana kichwa cha chuma. Uso hana, mahali pa mdomo pana wavu, na macho ni ya kioo. Mkono wake mmoja ni wa chuma pia. Anasema yeye ndiye Martino.

Basi. Hayo ndiyo yote. Hakuna chombo cha anga, hakuna viumbe kutoka Mars, hakuna safari ya kurudi nyuma katika wakati. Kuna mtu mmoja anayesema jina lake, na mwingine ambaye kazi yake ni kutomwamini mpaka apate ushahidi.

Kabla sijaingia ndani zaidi, niseme kidogo juu ya vitabu vya namna hii, maana sura yake inahusika na yaliyomo. Marekani ilianza kuuza kwa wingi vitabu vya jalada laini mwaka 1939, kampuni ya Pocket Books ilipovitoa kwa senti 25. Waingereza walikuwa wametangulia mwaka 1935 na Penguin zao za peni sita. Vitabu hivi havikutegemea maduka ya vitabu. Viliwekwa kwenye vibanda vya magazeti, vituo vya mabasi na maduka ya dawa, vikisafirishwa na walewale waliosafirisha magazeti. Kitabu kisichouzwa hakikurudishwa kwa mchapishaji kizima. Mwenye kibanda alichana jalada, akarudisha jalada peke yake ili afutiwe deni, na mwili wa kitabu ukatupwa. Karatasi yenyewe ilikuwa ya rojo ya mbao, yenye asidi, ambayo huanza kugeuka rangi ya chai ya rangi baada ya miaka michache na kumeguka ukiikunja. Mwandishi aliyeandikia soko hilo alijua kwamba hakuwa akijenga mnara. Alilipwa kidogo, akaandika haraka, na picha ya jalada ilichaguliwa na mtu mwingine.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa habari za vitabu vya aina hiyo. Waliokuwa wakisoma miaka ya sitini na sabini wanamkumbuka Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo ya mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Kufa na Kupona ya 1974, na jasusi wake Willy Gamba anayevuka mipaka kana kwamba anavuka barabara. Walimu wengi wa fasihi waliviona vitabu hivyo kama vitu vya kupitishia muda. Wasomaji waliviazimana mpaka vikapoteza kurasa za mwanzo na za mwisho. Namtaja Musiba kwa sababu moja tu: katika riwaya ya kijasusi ya kawaida, hadithi inakwenda kwa sababu shujaa anajua yeye ni nani, hata anapotumia majina ya uongo. Budrys alichukua vifaa vyote vya riwaya ya kijasusi, mpaka, faili, mahojiano, mtu wa kumfuatilia mwenzake kwa siri mitaani, halafu akaiondoa nguzo hiyo moja. Anayefuatiliwa hapa hajulikani ni adui au ni mwenzao, na kadiri kurasa zinavyokwenda, yeye mwenyewe haonekani kujali sana kuwathibitishia.

Tuangalie jinsi mtego ulivyotegwa, kwa kuwa hapa ndipo ufundi ulipo. Rogers ana mkono mmoja wa nyama na damu wa kuchunguza. Alama za vidole zinalingana na za Martino. Imekwisha? Hapana. Watu walioweza kumtengenezea mtu kichwa cha chuma wangeshindwa nini kuchukua mkono wa Martino aliyekufa na kuupachika kwa jasusi wao? Basi aulizwe maswali. Anajibu sawasawa kuhusu utoto wake, masomo yake, kazi yake. Lakini Martino alikuwa mikononi mwa Wasovieti kwa miezi minne, na lolote alilolijua wangeweza kumtoa kinywani. Kumbukumbu zote zimechafuka. Uso hakuna, sauti inatoka kwenye mashine, mwendo umebadilika kwa uzito wa chuma. Kila ushahidi unaoletwa unakuja na maelezo ya pili yanayoufuta.

Umebaki mtihani mmoja tu ambao ungemaliza ubishi. Mpe kazi yake. K-88 ilikuwa kichwani mwa Martino peke yake, na asiye Martino hawezi kuifanya. Lakini kumpa kazi hiyo ni kumfungulia siri kubwa kuliko zote mtu ambaye huenda ametumwa kuiiba. Kwa hiyo mtihani pekee wenye maana ndio usioruhusiwa, na anayeruhusiwa mitihani mingine yote hana njia ya kufaulu. Rogers si mjinga wala si katili, na ninamsifu Budrys kwa hilo. Angemfanya ofisa mwenye roho mbaya, tungemchukia tukamaliza. Rogers anafikiri vizuri, ana adabu, anamwonea huruma yule mtu, na kila hatua anayochukua ina sababu ambayo hata mimi ningeikubali. Jumla ya hatua hizo zenye sababu ni mtu kufungiwa nje ya maisha yake.

Sura za upelelezi zinapishana na sura za ujana wa Martino. Ni mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, amekulia shambani New Jersey, akaenda New York kufanya kazi katika mkahawa wa kahawa wa mjomba wake, kisha akaingia chuo cha MIT. Mara ya kwanza nilipozisoma sura hizi niliziona za kupoza moto. Sasa naziona kuwa ndizo moyo wa kitabu. Huyu kijana ana akili inayotaka kila jambo likae mahali pake, na kitu kisichoingia katika mpango wake humsumbua hadi ausuke mpango upya. Kuishi na watu hawezi vizuri. Kuna msichana anayempenda nusu nusu, hajui amwambie nini. Kuna mwenzake wa chumbani chuoni anayejifanya rafiki. Hagombani na mtu, hamfungukii mtu. Sasa fikirini wapelelezi wanapokwenda kuwauliza watu hawa, miaka mingi baadaye, Martino alikuwa mtu wa namna gani. Wanapata tarehe, alama za mitihani, anwani, majina ya walimu. Faili linanenepa. Lakini hapatikani hata mmoja wa kusimama na kusema: mleteni hapa, nitamtambua hata gizani.

Sisi tuliokulia katika nyumba zenye mashangazi wengi tunaona mara moja kilichokosekana. Mtu akitoweka kwetu miaka ishirini akarudi amebadilika sura, hatuanzi kumtazama vidole. Ataulizwa ni mtoto wa nani, alinyonya na nani, lile kovu la gotini alilipata wapi, na atakayeamua si daktari bali bibi aliyemlea, ambaye pengine hataeleza hata sababu yake. Sisemi kwamba bibi hakosei. Kule Ufaransa, katika karne ya kumi na sita, kijiji cha Artigat kilimpokea mtu aliyejiita Martin Guerre. Mke akaishi naye miaka mitatu hivi na kuzaa naye, hadi kesi ilipofika Toulouse mwaka 1560 na Martin mwenyewe akaingia mahakamani akiwa na mguu mmoja wa mti. Ndugu nao hudanganywa, na wakati mwingine hupenda kudanganywa. Ila kukubaliwa na watu ni jambo ambalo laweza kumalizika. Uchunguzi wa Rogers hauna mwisho ndani yake. Kila jibu linazaa swali, na swali linaajiri watu wengine wanne.

Wanamwachia hatimaye, kwa kuwa hawana la kumfanya, lakini wanamfuatilia. Fizikia amepigwa marufuku. Anakwenda New York, anamtafuta yule msichana wa zamani, sasa mwanamke mzima mwenye mtoto, na mtoto anapomwona hofu inamaliza ziara. Sura hiyo ni fupi, na Budrys hakuipamba. Kisha anarudi shamba la wazazi wake, ambao wamekwisha kufa, analilima. Mkono wa chuma unafaa kwa kazi za shamba. Miaka inapita. Mwisho Rogers anakuja na habari ambayo mtu huyu angeililia zamani: serikali inamhitaji, aje amalizie K-88. Naye anamjibu kwamba yeye si Lucas Martino.

Nawaomba radhi wale ambao hawajakisoma, maana nimewaharibia, na nitaharibu zaidi. Sura za mwisho zinatupeleka upande wa Kisovieti, kwa mhoji wao Azarin, na msomaji anaonyeshwa kwamba aliyevuka mpaka alikuwa Martino mwenyewe. Mpango wa kupeleka mtu wa bandia ulikuwapo, ukaharibika. Kwa hiyo jibu la swali la kitabu lilikuwa rahisi kuliko yote, naam, ndiye, na halikumfaa mtu yeyote. Alipokuwa Martino hawakumwamini. Walipoanza kumhitaji hakuwa Martino tena, na kwa maana hiyo alichomwambia Rogers shambani kilikuwa kweli. Nimesoma wahakiki wanaolichukua jibu hilo kama kisasi. Silioni hivyo. Kisasi kina joto, na mtu yule anazungumza kama anayemweleza mgeni njia. Kijana aliyekuwa na tabia ya kusuka upya mpango wake kila anapokutana na jambo lisiloingia, ameusuka tena, na safari hii kilichobaki nje ya mpango ni jina lake la zamani.

Sasa, nani angeandika kitabu kama hiki? Algirdas Jonas Budrys alizaliwa tarehe 9 Januari 1931 mjini Königsberg, wakati huo Ujerumani, leo Kaliningrad nchini Urusi. Baba yake, Jonas Budrys, alikuwa mwakilishi wa Lithuania huko. Baba huyu anastahili riwaya yake mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi katika idara ya Lithuania ya kupambana na majasusi, na jina lake la kuzaliwa halikuwa Budrys bali Polovinskas. Januari 1923 aliongoza yale yaliyoitwa maasi ya Klaipėda. Jimbo hilo lilikuwa limetengwa na Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, likisimamiwa na Wafaransa, na Lithuania ililitaka. Wanajeshi na wanamgambo wa Lithuania waliingia humo wakiwa wamevaa kiraia, wamejivua chochote cha kuwatambulisha walikotoka, wakajifanya wenyeji walioasi. Polovinskas alikuwa amejipa jina lenye mlio wa wenyeji wa huko, Budrys. Maasi yakafaulu, yeye akawa gavana wa jimbo, na jina la kujificha likawa jina la ukoo.

Mwaka 1936 akahamishiwa New York kuwa konseli mkuu. Miaka minne baadaye Wasovieti waliitwaa Lithuania. Marekani ilikataa kuutambua utwaaji huo, na matokeo yake ni kwamba ubalozi mdogo wa nchi isiyokuwapo kwenye ramani uliendelea kufungua milango yake, na Jonas Budrys akabaki konseli mkuu hadi alipofariki mwaka 1964. Mtoto wake alikua akimwona baba akienda ofisini kugonga mihuri ya serikali ambayo haikuwa na hata kijiji kimoja. Na jina alilolibeba yeye mwenyewe lilianza kama vazi la operesheni.

Sidai kwamba kitabu ni maisha yake kwa fumbo. Waandishi hawafanyi kazi kwa mstari ulionyooka hivyo. Ila mtu aliyelelewa katika nyumba hiyo hakuhitaji kusoma falsafa ili ajue kwamba hati, jina na serikali vinaweza kukaa upande mmoja, na mtu akakaa upande mwingine.

Kuhusu sayansi ya kitabu sina mengi. K-88 ni nini hasa hatuambiwi, wala haihitajiki. Ingeweza kuwa mapishi ya sabuni. Lile lililoonekana la ajabu mwaka 1958, mwili wa binadamu kutiwa mitambo, lilikuwa tayari mlangoni. Mwaka uleule, Oktoba, madaktari wa Stockholm walipandikiza ndani ya mgonjwa kifaa cha kwanza cha kuratibu mapigo ya moyo. Mtu wa Budrys anaendeshwa na kinu kidogo cha nyuklia kifuani, jambo linalochekesha mpaka ukumbuke kwamba mwaka 1970, Paris, mgonjwa alipandikizwa kifaa cha moyo kinachotumia plutoniamu. Lakini mwandishi anayebahatisha mashine hapati sifa nyingi kwangu. Nampa sifa zaidi kwa kilichotokea mwaka 1964.

Februari mwaka huo, Yuri Nosenko, ofisa wa KGB, aliwakimbilia Wamarekani akiwa Geneva. Alisema aliwahi kulishughulikia faili la Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy, wakati Oswald alipokuwa Umoja wa Kisovieti, na kwamba KGB haikuhusika na mauaji hayo. Ndani ya CIA kulikuwa na waliokwisha kuamini maneno ya mtoro aliyemtangulia, Anatoliy Golitsyn, kwamba Moscow ingetuma watoro wa uongo. Nosenko akafungiwa peke yake na kuhojiwa, si kwa wiki wala miezi, bali kwa zaidi ya miaka mitatu. Akijichanganya, ni mwongo. Akijibu sawasawa, amefunzwa vizuri. Mwishowe shirika lilimkubali kuwa mkweli, likamlipa, likampa makazi na jina jipya. Waliomhoji hawakukubaliana hadi uzeeni mwao. Kijitabu cha senti 35 kilikuwa kimetangulia miaka sita kuieleza mashine hiyo, pamoja na adabu zake.

Kasoro za kitabu zipo na sitazifunika. Wanawake wake ni wepesi kama karatasi iliyowachukua. Wanakuja ili Martino ashindwe kuzungumza nao, kisha wanaondoka. Azarin ana masharubu ya Mrusi wa sinema, kwa maana ya tabia. Sura moja ya kukimbizana mitaani imewekwa, nadhani, ili mnunuzi wa kituo cha basi aone thamani ya senti zake. Na kuna sehemu Rogers anatufafanulia mtego kwa mara ya tatu, wakati tulishaunasa. Lakini hivi ni vijeraha vya kuandika haraka. Mpangilio wa sura, ule wa kumtengeneza kijana mbele yetu huku mtu mzima akibomolewa, ulihitaji mtu aliyejua anachofanya, na wapiga kura wa tuzo ya Hugo, ya riwaya za sayansi ya kubuni, walikiona: mwaka 1959 kilikuwa miongoni mwa riwaya zilizoteuliwa, ingawa aliyeshinda alikuwa James Blish kwa A Case of Conscience.

Mwaka 1974 kulitolewa filamu, iliyoongozwa na Jack Gold, Elliott Gould akiwa ofisa wa usalama na Trevor Howard akiwa Azarin. Joseph Bova, aliyecheza Martino, anaigiza sinema nzima bila uso, na anaweza. Iliuzwa baadaye kwa majina mengine yenye kelele za chuma na roboti, na wanaoinunua kwa majina hayo wakitarajia mapigano hawajui wamenunua nini.

Budrys aliishi hadi mwaka 2008, akawa mhakiki mkali wa jarida la Galaxy miaka ya sitini, na hakuandika riwaya nyingi. Mwaka 1960 alirudi kwenye swali lake kwa Rogue Moon, ambamo mtu ananakiliwa, nakala yake inatumwa mwezini kufa, na aliyebaki duniani anakumbuka kifo hicho. Hicho ndicho wengi wanachokiita kazi yake bora. Kina nguvu zaidi, ni kweli, na kina makelele zaidi pia. Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza, ningemwambia aanze na Who?, asome sura za ujana polepole, azipite haraka za mitaani, na akifika ukurasa ambapo Rogers anaingia shambani, afunge kitabu kwanza ajiulize yeye angejibu nini.